Mgongo uliovunjika hausubiri mchango

Kinyerezi inajengwa. Anayetoka Segerea akashika barabara ya Malamba Mawili haendi mbali bila kupita nyumba iliyoishia kwenye lenta, ghorofa lililoegemezwa mirunda, au kifusi kilichomwagwa kando ya njia kikimngoja mwenye kiwanja apate fedha ya awamu nyingine. Mabonde na miinuko ya upande huu wa Ilala imezipa nyumba nyingi ukuta mrefu upande wa chini, na fundi wa huku hupanda juu kweli, mara nyingi bila kofia ngumu wala mkanda wa kumshikilia. Chini yake, kwenye lami, bodaboda zinateremka na abiria wawili wawili. Fundi aliyeteleza kwenye mrunda na abiria aliyerushwa na pikipiki huweza kufika hospitali na jeraha la aina moja: pingili ya mgongo imevunjika, na miguu haisikii.

Yanayofuata baada ya hapo ndiyo yanayopaswa kuzungumzwa kwa sauti. Tanzania ya leo ina madaktari wanaojua kuitengeneza pingili hiyo, na wanaitengeneza. Isichokuwa nacho ni utaratibu wa kumfikisha mgonjwa mezani kwao mapema, na utaratibu wa kumsimamia akishatoka. Upasuaji wenyewe ni kazi ya saa chache. Siku zinazoutangulia na miezi inayoufuata ndizo zinazoamua kama mtu ataishi na kama atarudi kazini, na hizo tumeziacha mikononi mwa ndugu na vikundi vya WhatsApp.

Takwimu zipo, na zinauma.

Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliofuatilia wagonjwa 180 waliolazwa kwa majeraha ya uti wa mgongo katika Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili, MOI. Zaidi ya wanane kati ya kila kumi walikuwa wanaume, na wastani wa umri ulikuwa kama miaka 36, yaani watu wenye watoto shuleni na kodi ya nyumba ya kulipa. Kuanguka kutoka juu kuliwaumiza 32 katika kila 100, ajali za vyombo vya moto 28. Karibu nusu walifika wakiwa kwenye daraja A, lile la chini kabisa, ambapo mgonjwa hahisi wala hasogezi chochote chini ya jeraha. Wastani wa umbali kutoka mahali pa ajali hadi hospitali ulikuwa kilomita 278, na walifika siku ya sita hivi tangu waumie. Waliopasuliwa walikuwa 40 katika kila 100. Na kutoka ajali hadi upasuaji, wastani ulikuwa siku 33.

Siku 33 ni zaidi ya mwezi mzima wa kulala chali na mfupa uliopasuka ukiwa umekaa karibu na mishipa ya fahamu. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba mambo mawili ndiyo yaliyoambatana na mgonjwa kupata nafuu ya mishipa: kupasuliwa, na kupasuliwa mapema. Kati ya waliopasuliwa, mmoja katika kila watano aliondoka hospitali akiwa amepanda daraja.

Mtu wa Kinyerezi anaweza kusema kilomita 278 hazimhusu, maana yeye yuko safari ya asubuhi moja tu kutoka Upanga iliko MOI, hata foleni ya Tabata ikiwa imekaza. Ni kweli kwa umbali. Lakini siku sita za njiani haziwezi kuzaa siku 33. Siku nyingi zaidi hupotea mgonjwa akiwa tayari kitandani, ndani ya hospitali, kwa sababu vipimo havijalipiwa au vyuma havijanunuliwa. Hapo aliyetoka Kinyerezi na aliyetoka Kibondo wanalala wodi moja na kungoja kitu kimoja.

Ili kuelewa kwa nini kungoja huko ni hatari, ni vyema kuujua mgongo ulivyo. Shingo ina pingili saba, kifua kumi na mbili, kiuno tano, kisha mifupa iliyoungana ya nyonga na kifandugu. Katikati ya pingili upo mfereji, na ndani ya mfereji unapita uti wenyewe, nyama laini yenye unene wa kidole kidogo, inayobeba amri kutoka kwenye ubongo na kurudisha habari za miguu, kibofu na utumbo. Uti huo unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Jirani na hapo, mahali kifua kinapokutana na kiuno, ndipo mgongo wa anayeanguka kutoka juu unapovunjika mara nyingi, kwa sababu sehemu ngumu ya mbavu inakutana hapo na sehemu inayojipinda.

Jeraha linakuja mara mbili. La kwanza ni pigo lenyewe, na hilo limekwishapita. La pili linaanza dakika zilezile na kuendelea kwa saa na siku: uti unavimba ndani ya mfereji ambao hauna nafasi ya kutanuka, damu inapungua, chembe za mishipa zilizosalimika nazo zinaanza kufa. Shinikizo la damu likishuka, au kipande cha mfupa kikiendelea kubana, kilichokuwa kimebaki kinapotea. Daktari hana namna ya kulifuta jeraha la kwanza. Anapigana na la pili, na mapigano hayo yana saa yake.

Saa hiyo imepimwa. Mwaka 2012 jopo lililoongozwa na Michael Fehlings wa Toronto lilitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 313 walioumia uti wa shingo. Miezi sita baadaye, kati ya waliopasuliwa ndani ya saa 24, karibu 20 katika kila 100 walikuwa wamepanda madaraja mawili au zaidi. Waliopasuliwa baadaye, waliofika hapo walikuwa karibu 9 katika kila 100. Madaraja mawili ni tofauti kati ya mtu asiyehisi chochote na mtu anayesogeza miguu. Dunia inahesabu kwa saa. Sisi tunahesabu kwa wiki.

Kuna hofu mitaani ambayo nayo inakula siku. Wapo ndugu wanaomtoa mgonjwa wodini wakisema akishakatwa mgongo ndiyo basi, hatatembea tena, afadhali apelekwe kwa mganga wa viungo akandwe. Hofu hiyo haitokani na ujinga. Watu wamewaona wagonjwa wakipasuliwa na kurudi nyumbani bila kutembea, wakaunganisha mambo mawili. Ukweli ni kwamba wengi wa hao walipoteza miguu siku ya ajali, na kisu kilikuja baadaye kwa kazi nyingine. Kumkanda mtu aliyevunjika pingili, kwa upande wake, kunaweza kusogeza kipande cha mfupa hadi kwenye uti uliokuwa mzima.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Mgonjwa aliyevunjika kifuani au kiunoni analazwa kifudifudi, tumbo likiachwa lining'inie ili damu isijae mgongoni. Daktari anafungua katikati, anaiweka misuli pembeni, kisha anapitisha skrubu za titani kwenye pingili nzima za juu na za chini ya ile iliyovunjika, akiongozwa na picha za eksirei zinazopigwa palepale thieta. Fito mbili za chuma zinaunganisha skrubu hizo pande zote mbili. Mahali uti umebanwa, mfupa wa nyuma unaondolewa ili upate nafasi. Shingo mara nyingi hufunguliwa kwa mbele, kipande kilichoharibika kikatolewa, na bamba la chuma likafungwa juu ya mfupa uliopandikizwa. Vyuma hivyo vinashika mpaka mfupa ushikane wenyewe.

Si kila aliyevunjika anahitaji haya. Pingili iliyobonyea kidogo mbele, uti ukiwa salama na mgongo umetulia, inaweza kupona kwa dawa za maumivu, mkanda wa mgongo na uangalizi. Kumfunga vyuma mtu wa namna hiyo ni kumwingiza kwenye hatari ya maambukizi na gharama bila sababu. Kazi ya bingwa ni kupambanua, na ndiyo maana picha ya CT, na MRI inapohitajika, haipaswi kungoja.

Na aliye daraja A, ambaye nafasi yake ya kutembea ni ndogo, apasuliwe kwa nini? Swali hili huulizwa na ndugu wanaohesabu fedha, na linastahili jibu la wazi. Mgongo uliofungwa vyuma unamruhusu mgonjwa kuketi baada ya siku chache. Usiofungwa unaweza kumlaza kwa wiki nyingi, na katika wiki hizo ndipo vidonda vya kulalia vinapochimba hadi mfupani, mapafu yanapojaa makohozi, damu inapoganda miguuni. Kwa mgonjwa huyo, upasuaji ni njia ya kubaki hai na kuanza maisha ya kwenye kiti mapema, badala ya kufia kitandani kwa ugonjwa uliokuwa ukizuilika.

Ni haki kuwapa madaktari sifa yao. MOI ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996. Mwanzoni mwa karne hii, mabingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu nchi nzima waliweza kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja. Kuanzia mwaka 2008, Roger Härtl wa chuo cha tiba cha Weill Cornell, New York, alianza kuja kufanya kazi na wenyeji wa MOI, na kutoka hapo yakazaliwa mafunzo yanayowakusanya Dar es Salaam madaktari wa kanda nzima. Zanzibar nayo, mwaka 2014, ilifungua taasisi ya NED katika Hospitali ya Mnazi Mmoja kwa msaada wa wakfu wa daktari Mhispania José Piquer. Hospitali za KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza na Benjamin Mkapa ya Dodoma zimeongeza vitanda na mikono. Kijana anayesomea kazi hii leo hana tena lazima ya kwenda ng'ambo miaka mingi. Haya ni mafanikio makubwa, na ndiyo yanayofanya ucheleweshaji uwe mzito zaidi kuusamehe: mikono ipo, meza ipo, mgonjwa yupo, na bado haviwekwi pamoja.

Tuanzie pale ajali inapotokea. Fundi akianguka Kinyerezi, wenzake humkimbilia, mmoja akamshika mabegani na mwingine miguuni, wakamkunja na kumwingiza kwenye bajaji. Wanafanya kwa upendo, na wanaweza kukimaliza kilichobaki. Wanaotakiwa kumnyanyua aliyeanguka ni watu wanne au zaidi: mmoja ameshika kichwa na kukituliza sawa na kiwiliwili, wengine wanamgeuza kwa pamoja kama gogo moja, anasukumwa ubao au mlango chini yake, anafungwa asicheze. Mlango wa mbao kila eneo la ujenzi unao. Ujuzi huu unaweza kufundishwa kwa saa moja katika kijiwe cha bodaboda au ofisi ya serikali ya mtaa, na Kinyerezi, Bonyokwa na Segerea zina vijiwe vya kutosha.

Baada ya hapo, usafiri. Hapa nchi haina haja ya kubuni kitu kipya. Mpango wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kuamuliwa kusambazwa nchi nzima mwaka 2022, unamwezesha mjamzito au mzazi aliyepata dharura kupiga 115 bila malipo. Mtu wa zamu anapima uzito wa hali, anatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana anamtuma dereva wa kawaida aliyesajiliwa mtaani, ambaye analipwa na mpango. Dereva yupo karibu, kituo kinajua mgonjwa anakuja, na hakuna anayeuliza nauli. Hakuna sababu ya kitaalamu ya kuufunga mlango huo kwa aliyevunjika mgongo. Madereva hao wakipewa ubao, kola ya shingo na mafunzo mafupi, Kinyerezi itakuwa na huduma ambayo leo haina.

Kuhusu fomu ya polisi, PF3, lipo jambo la kusemwa kwa ufupi. Fomu ni muhimu kwa haki ya baadaye, na mtu mwingine anaweza kuifuata kituoni wakati mgonjwa yuko eksirei. Haipaswi kumtangulia mgonjwa.

Kisha fedha, na hapa ndipo penye fundo.

Skrubu za titani zinaagizwa kutoka nje na bei yake ni kubwa kwa mtu anayelipwa kwa siku. Mwenye bima ya afya anapita, ingawa naye anaweza kukutana na vibali. Asiye na bima anaanza safari ambayo kila familia ya Dar es Salaam inaijua: kikundi cha mchango kinafunguliwa, kwaya inaombwa, kiwanja cha Chanika kinatafutiwa mnunuzi kwa bei ya kutupa, afisa ustawi wa jamii anafuatwa kwa ajili ya msamaha. Wiki ya kwanza michango inakuja, ya pili inapungua. Wakati huo kidonda kimeshaanza kwenye makalio, na mgonjwa mwenye kidonda kinachotoa usaha mgongoni hapasuliwi mpaka kisafishwe. Siku zinajizalia siku nyingine.

Jambo linalosikitisha ni kwamba kisheria, wengi wa wagonjwa hawa wana mtu wa kuwalipia. Kila chombo cha moto kinachotembea barabarani kinatakiwa kuwa na ile inayoitwa bima ndogo, na kazi yake ni kumfidia mtu aliyeumizwa na chombo hicho. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliozaliwa na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, unalipia matibabu, utengemao na hata msaidizi wa kumhudumia aliyeumia kazini akapoteza uwezo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023. Karatasi zipo. Lakini bima ndogo hulipa baada ya uchunguzi na mabishano, miezi au miaka tangu ajali. WCF nayo inamfikia mfanyakazi ambaye mwajiri wake amesajiliwa, wakati saidia fundi wa Kinyerezi ameajiriwa kwa maneno na fundi mkuu, ambaye naye amepewa kazi kwa maneno na mwenye nyumba anayeishi Ubungo au Muscat.

Pendekezo la safu hii ni moja na si la anasa. Hospitali zinazopasua migongo zipewe akiba ya vyuma inayotosha, mgonjwa apasuliwe daktari anaposema yuko tayari, na deni lifuatwe baadaye na watu wenye mamlaka ya kudai: hospitali kwa kampuni ya bima, hospitali kwa WCF, hospitali kwa mwajiri. Mgonjwa aliyelala chali hana nguvu ya kubishana na kampuni ya bima. Serikali inayo. Sehemu ndogo ya ada ya kila bima ndogo inaweza kutengwa kuanzisha akiba hiyo, na wasiokuwa na mtu wa kudaiwa, kwa mfano aliyeanguka kwenye mnazi wake mwenyewe, walipiwe humohumo.

Si jambo geni. New Zealand tangu mwaka 1974 ina mfuko unaomtibu kila aliyeumia kwa ajali bila kuuliza kwanza nani alikosa. Afrika Kusini inakata kiasi fulani kwenye kila lita ya mafuta kwa ajili ya majeruhi wa barabarani, ingawa mfuko wao umeandamwa na madeni, na kosa hilo ni la kujifunza: wao wamebeba fidia kubwa za mahakamani, sisi tungeanza na matibabu tu. Na watafiti waliopima upasuaji wa migongo hapa Dar es Salaam wamekwishaonyesha kwamba faida yake inashinda gharama, ukihesabu miaka ya kazi ambayo kijana wa miaka 36 anarudishiwa.

Idadi yenyewe haitishi. Utafiti uliofanywa KCMC kwa wagonjwa wa mwaka 2010 hadi 2014 ulikadiria kwamba mkoani Kilimanjaro watu zaidi ya 26 kwa kila milioni huumia uti wa mgongo kila mwaka, na kuanguka ndiko kulikoongoza. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta Dar es Salaam watu 5,383,728. Tukichukua kiwango hichohicho kama kianzio, mkoa huu unazalisha wagonjwa kama 140 kwa mwaka. Nchi inayojenga mabwawa na reli ya umeme haiwezi kushindwa na skrubu za watu 140.

Tuseme sasa amepasuliwa, amefungwa vyuma, nyuzi zimetolewa. Ndugu wanashukuru, gari linakodiwa, mgonjwa anarudishwa Kinyerezi. Hapa wengi hudhani kazi imekwisha, na hapa ndipo watu wanapokufa.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, aliyepooza miguu hakutarajiwa kuishi muda mrefu hata Ulaya. Alikufa kwa vidonda na kwa mkojo uliooza ndani ya figo. Aliyebadilisha hali hiyo ni Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekimbia Ujerumani, ambaye mwaka 1944 alikabidhiwa wodi ya askari waliopooza katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Silaha yake kubwa haikuwa mashine. Aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na kibofu kishughulikiwe kwa usafi mkali. Kisha akawapa kazi na michezo. Mwaka 1948 aliandaa mashindano ya kulenga shabaha kwa mishale kwa askari 16 walioketi kwenye viti, na kutoka hapo ikakua michezo ya Paralimpiki.

Kila alichofanya Guttmann kinawezekana Kinyerezi. Kumgeuza mtu kila saa mbili kunataka mikono na saa ya simu. Kioo kidogo kinamwezesha mgonjwa kukagua ngozi ya makalio na visigino vyake kila asubuhi, maana ngozi isiyohisi haitamwambia kwamba imeanza kuwa nyekundu. Anayeketi kwenye kiti ajiinue kwa mikono mara kwa mara ili damu ipite. Mpira wa mkojo unaoachwa ndani kwa miezi huleta wadudu. Bora mgonjwa au mkewe afundishwe kupitisha mpira safi kila baada ya saa nne hadi sita na kuutoa. Choo kifundishwe saa yake. Viungo vinyooshwe kila siku visije vikakakamaa. Jiko la mkaa na chupa ya chai viwe mbali na miguu isiyohisi, kwa sababu mtu anaweza kuungua hadi mfupa huku akiendelea na mazungumzo. Katika utafiti ule wa KCMC, vidonda vya kulalia ndivyo vilivyoongoza kwa kuwasumbua wagonjwa, na hivyo vinazuilika kwa elimu na mikono ya watu.

Lakini elimu hiyo inatolewa lini? Mara nyingi ni siku ya kuruhusiwa, kwa haraka, kwa ndugu aliyechoka ambaye kesho atakuwa amerudi kazini, akamwachia mgonjwa bibi au binti wa darasa la saba. Anayebeba mzigo huu nchini ni mwanamke, karibu kila nyumba: mke, mama, dada. Hakuna anayemfundisha kumnyanyua mtu mzima bila kuuvunja mgongo wake mwenyewe.

Nyumba nayo ni kikwazo. Njia za Kinyerezi zilizo nje ya lami ni mchanga, makorongo na miinuko inayoshinda hata pikipiki wakati wa masika. Kiti kilichotengenezwa kwa sakafu ya hospitali hakiendi hapo. Choo kiko nje, mlango wake haupitishi kiti, na ndani ni tundu la kuchuchumaa. Mabasi ya mwendokasi, tangu yalipoanza mwaka 2016, yana vituo vyenye jukwaa lililo sawa na sakafu ya basi, na mwenye kiti anaweza kuingia bila kubebwa. Shida ni kufika kituo cha Kimara kwenyewe. Viti vya kufaa njia zetu vinawezekana. Chuo cha TATCOT mjini Moshi kimekuwa kikiwafundisha mafundi wa viungo bandia na viti vya magurudumu kutoka nchi nyingi za Afrika. Utaalamu umekaa ndani ya mipaka yetu.

Jirani zetu wametangulia kidogo. Kenya ina hospitali ya rufaa ya taifa iliyotengwa kwa walioumia uti wa mgongo, jijini Nairobi, ndogo yenye vitanda vichache na foleni ndefu. Mwaka 2012 Zack Kimotho, daktari wa mifugo aliyepooza baada ya kupigwa risasi na majambazi mwaka 2004, alitoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akisema anaelekea Afrika Kusini kutafuta utengemao ambao nchi yake haikuwa nao. Wakenya wakachanga ili kujenga kituo na kumrudisha nyumbani. Mbali zaidi, Bangladesh, nchi isiyo tajiri, ina kituo cha CRP kilichoanzishwa mwaka 1979 na Mwingereza Valerie Taylor, mtaalamu wa mazoezi tiba. Pale Savar, kilipo kituo hicho, mgonjwa na anayemhudumia hufundishwa pamoja, na kabla ya kuondoka huishi kwa muda katika nyumba zilizojengwa kama za kijijini kwao, zenye ardhi na vyoo vya aina ileile, ili wajaribu maisha kabla hayajawakuta.

Dar es Salaam inahitaji wodi ya namna hiyo, na hospitali ya Mloganzila, iliyo upande huuhuu wa Mbezi na Kibamba, ina eneo kubwa kuliko Upanga iliyobanana. Chumba chenye sakafu ya mchanga, mlango mwembamba na choo cha kuchuchumaa kingemfundisha mgonjwa wa Kinyerezi zaidi ya kipeperushi. Na wawepo walimu wanaokaa kwenye viti wenyewe. Moshi kipo chama cha walioumia uti wa mgongo, KASI, kinachowaleta pamoja waliopita njia hiyo. Mgonjwa mpya anapomwona mtu aliyepooza kama yeye akiingia mwenyewe, amevaa shati lililopigwa pasi, akizungumzia kazi na watoto wake, anapata kitu ambacho daktari hana cha kumpa.

Walimu hao wazungumze pia lile linaloogopwa. Vijana wengi waliopooza hawamuulizi mtu yeyote kuhusu ndoa na kuzaa, na ndoa nyingi huvunjika katika ukimya huo. Mwanamke aliyepooza anaweza kushika mimba na kujifungua salama akifuatiliwa. Wanaume wengi waliopooza wanaweza kuwa baba, mara nyingi kwa msaada wa daktari. Habari hiyo inastahili kutolewa wodini kwa lugha ya heshima, mume na mke wakiwa pamoja.

Yapo yanayoweza kuanza bila kungoja bajeti. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ndiyo inayotoa vibali vya ujenzi Kinyerezi. Ikitaka mwenye nyumba ya ghorofa aonyeshe kwamba mafundi wake wameandikishwa WCF kabla ya kupewa kibali, fundi atakayeanguka Jumatatu atakuwa na mlipaji Jumatatu hiyohiyo. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwa na daftari la walioumia migongo katika eneo lake, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii akawa na zamu ya kuwatembelea. Na barua ya kuruhusiwa, ile karatasi moja inayokunjwa na kuwekwa mfukoni, iandikwe mambo matatu zaidi: mtaalamu wa mazoezi tiba aliye karibu na nyumbani, tarehe ya mtu kuja kuikagua ngozi, na namba ya simu inayopokelewa usiku mkojo ukigoma kutoka.